Chui Bubu

Iyunga, Mbeya
11 Agosti 2024

Wifi yangu Veneranda,

Kamwene! Nimeanza na salamu ya kwenu, usije ukasema Wanyakyusa tuna maringo. Sisi hatujambo. Baridi ya mwaka huu imekuja na hasira zake, asubuhi nashona na blanketi mabegani, na sare za shule zimejaa mezani hadi sina pa kuweka kikombe cha chai. Kanisani tumepata mchungaji mpya, anahubiri kwa ufupi, Mungu ambariki. Wewe hujambo? Tadeo na Eveline wanaendeleaje? Tangu warudi kwenu baada ya likizo ya Juni nyumba imepoa kabisa.

Utashangaa kuona barua ya karatasi kama tuko enzi za bibi. Sababu ni kwamba ile simu yangu kubwa nilimwachia Baba, mimi nimebaki na kitochi ambacho ukiongea nacho mtaa mzima unasikia. Na simu yako najua inashinda mikononi mwa watoto. Kwa hiyo nimempa kaka Asukile bahasha hii alipopaki lori hapa barabarani akitoka Tunduma. Nimeibandika gundi pande zote. Nikigundua ameifungua, suruali yake ijayo nitaishona bila zipu.

Jambo lenyewe ni habari ya Baba. Unajua tangu tumzike Mama mwezi wa tatu hakuwa sawa. Sitaki kueleza zaidi, tuliache hapo. Tadeo alipokuwa huku likizo alimwekea babu yake gemu kwenye simu, eti unajenga mji, unakata miti, unazungushia ukuta, halafu maadui wanakuja kuubomoa. Nilikasirika, nikasema mzee wa miaka sabini na tatu anafundishwa utoto. Wifi, nimeumbuka. Siku hizi Baba anaamka, ananawa uso, anaomba uji. Anaomba mwenyewe! Anakaa barazani na miwani yake, na wiki iliyopita nikamsikia anacheka. Niliacha cherehani nikaenda kuchungulia nikidhani kuna mgeni. Hakukuwa na mtu, ni yeye na simu.

Kinachonitia hofu ni kwamba ndani ya hilo gemu kuna mahali pa kuandikiana, na humo yumo mtu anajiita Chui Bubu, mtu wa Iringa. Baba haachi kumtaja. Chui kasema hivi, Chui kanitukana leo, Chui kaniletea askari mia mbili. Matapeli wa mitandaoni wamejaa, na mzee mgane mwenye kiwanja na ng'ombe wawili ni windo zuri. Najua wewe na Baba hamwonani wala hamsemeshani, ndiyo mila yetu ya mkwe na baba mkwe, na umeishika miaka kumi na minne kuliko hata wake wa Kinyakyusa wenyewe. Sikuombi uiguse. Nakuomba tu umbane Tadeo akwambie huyo Chui ni nani.

Nimekutumia debe la mchele wa Kyela. Usiugawe wote kwa majirani, nakujua.

Ni mimi,
Esnath


Mlandege, Iringa
27 Agosti 2024

Wifi Esnath mpendwa,

Ugonile! Na mimi salamu ya kwenu naijua. Mchele umefika, tumeupika Jumapili, majirani wameonja harufu tu. Ndaga fijo, asante sana. Huku ni upepo, upepo, upepo. Juzi dukani kwangu pa fotokopi umenipeperushia fomu ya mteja ikaenda kutua kwa muuza nyanya, nikaifukuza mimi mama mzima na viatu mkononi. Tadeo sauti inaanza kukwaruza. Eveline anajiandaa kwa komunyo ya kwanza, anatusahihisha wote tunavyosali. Kaka yako bahasha hakuifungua, ila aliitikisa sana.

Kuhusu gemu, naona bora nikwambie kabla hujamlaumu Tadeo. Mimi ndiye niliyewafundisha watoto, si wao walionifundisha. Nilipokuwa sekondari hapa mjini kulikuwa na kibanda chenye televisheni mbili, wavulana wanalipia kucheza mpira wa kwenye kioo. Nikitumwa mkate nasimama mlangoni. Siku moja wakanipa nafasi ili wapate kucheka. Hawakucheka. Tangu hapo ugonjwa haujanitoka. Asukile akiwa safarini siku kumi, jioni zinakuwa ndefu, ndiyo nikawaingiza watoto.

Ila nina sheria zangu. Maelezo yote wayasome kwa sauti, na yako kwa Kiingereza, ndipo wabonyeze. Hesabu za mawe na mbao ziandikwe kwenye daftari. Ukidanganya unapokonywa simu, hata kama umemdanganya adui. Na vita vya pamoja ni Jumamosi saa kumi alasiri, nguo zikishafuliwa. Tunachora ramani nyuma ya fotokopi zilizoharibika, ukuta wa sebule umejaa. Eveline amewapa askari wake majina ya watakatifu wote wa litania, na mmoja akifa anasema "utuombee" kisha anaendelea kupiga.

Huyo Chui Bubu si tapeli. Tadeo anamfahamu, na mimi namfahamu kiasi. Hajamwomba Mzee hata vocha na hatamwomba. Lala usingizi, wifi.

Niambie tu, anakula kweli? Anamaliza sahani? Na dawa zake za presha anakunywa siku hizi?

Nakutumia njegere, zimetoka Kilolo kwa mama yangu, bado mbichi.

Wifi yako,
Veneranda


Iyunga
22 Septemba 2024

Wifi Veneranda,

Njegere zilikuwa tamu, Baba amekula bakuli mbili na kuuliza zimetoka wapi. Nikamwambia kwa mke wa Asukile. Akasema "mm," unamjua. Hapa ni vumbi tu, tunangoja mvua. Cherehani iliharibika wiki nzima, nikashona vifungo kwa mkono hadi vidole vikaota sugu.

Sasa nisikilize vizuri. Mimi sikukuandikia habari ya dawa za presha. Nimeirudia barua yangu kichwani neno kwa neno. Kaka Asukile hajui, mchungaji hajui. Waliojua kwamba dawa zilikuwa hazimezwi ni mimi na Baba. Basi Baba amemwambia Chui, na Chui amekwambia wewe. Unamfahamu "kiasi"? Kiasi gani hicho?

Unanificha kitu, Vene. Ni mwalimu wa Tadeo? Ni padri? Ni mwanamke anayetafuta mume? Kama ni hivyo sema, nitavumilia.

Ninauliza kwa sababu mambo yamekuwa makubwa. Baba anataka kuja Iringa. Amesema mvua za kupandia zikipita, Desemba, atapanda basi aje kumwona Chui uso kwa uso. Amechagua jogoo wa kumletea, yule mwekundu mwenye fujo. Tangu msibani hajavuka hata daraja la hapa chini, leo anauliza nauli. Nilifurahi hadi nikaogopa. Akifika huko akakuta Chui ni mhuni, au Chui hataki kumwona, atarudi vipi? Mimi ninayeishi naye ndiye ninayejua alikokuwa, na sitaki arudi huko.

Nijibu haraka. Kaka anapita tena wiki ijayo.

Esnath


Mlandege
2 Oktoba 2024

Wifi Esnath,

Hatujambo. Watoto wazima. Duka linaenda. Barua hii nimeiandika mara tatu, mbili nimezichana, na salamu ndefu leo zinanishinda, nisamehe.

Chui Bubu ni mimi.

Jina hilo ninalo tangu siku za kibanda, kwa sababu nilikuwa nacheza bila kufungua mdomo. Mwezi wa sita Tadeo aliniambia ameongeza mtu kwenye timu yetu, anaitwa Mkongwe 51. Nikauliza ni nani, akasema rafiki yake wa Mbeya. Nikajua ni mwanafunzi anajifanya mzee. Nikawa namsema kama ninavyowasema watoto wangu. Siku ya kwanza nilimwandikia, "We Mkongwe, huo ukuta umejenga wa kuzuia kuku?" Akanijibu, "Kuku wangu wana adabu kuliko wewe." Nilicheka hadi mteja akaanza kucheka bila kujua sababu. Wiki tatu tulitupiana maneno hivyo. Wifi, sijawahi kupata mtu wa kubishana naye vizuri namna ile.

Halafu Jumamosi ya tarehe sita Julai, vita vimekwisha, akaandika: "Leo nimemaliza ugali. Miezi minne sijamaliza sahani. Vidonge vya presha nilikuwa natupa kwenye mgomba, binti yangu kanifuma, akalia. Usimwambie mtu."

Nikashtuka, lakini bado sijajua. Ndipo akaongeza: "Nina mkwe huko huko kwenu Iringa, mke wa mwanangu wa lori. Nikienda nakula chakula chake, sauti yake siijui. Mke wangu alikuwa anaijua. Alikuwa akitoka jikoni ananisimulia walichoongea. Sasa hakuna wa kunisimulia."

Niliweka simu juu ya mashine ya fotokopi nikatoka nje. Nilisimama pale uani kama mtu aliyeibiwa. Miaka kumi na minne nikisikia kikohozi chake najifunika kitenge, napita upande wa ukuta, jina lake sijalitamka hata kwenye sala, nasema tu "yule Mzee." Na huyo huyo nimemwambia amejenga banda la kuku! Nilimbana Tadeo. Akasema, "Mama, ningekwambia ungeacha." Na kweli ningeacha.

Nilipaswa kuacha siku ile ile. Lakini niliwaza hivi: nikipotea bila neno, nitakuwa mtu wa pili kumwacha mwaka huu. Nikisema mimi ni nani, ataona aibu, atazima simu, atageukia ukuta. Basi nikabaki Chui. Nikajaribu kuwa na heshima. Baada ya siku mbili akaniuliza, "Chui, unaumwa? Mbona umekuwa mpole?" Ikabidi nimtukane kidogo, Mungu anisamehe.

Nimeikosea mila yenu, nimemkosea Mzee, na wewe nimekuficha. Sasa anakuja na jogoo. Nifanyeje? Mzuie, nakuomba. Au niambie siku hiyo niende Kilolo kwa mama, watoto waseme Chui amehamishwa kikazi.

Nangoja jibu lako kwa hofu.

Veneranda


Iyunga
24 Novemba 2024

Veneranda,

Mvua imeanza, mahindi tumepanda. Hatujambo. Nimekaa wiki saba na barua yako kwenye kopo la vifungo. Kaka Asukile amepita mara tatu anauliza, "Leo hakuna bahasha?" nikamwambia gundi imeisha.

Nitakwambia kilichoniuma, na si mila. Kwa mila ningekutetea hata mbele ya wazee. Kilichoniuma ni kwamba mimi ndiye niliyemfuma pale mgombani na vile vidonge. Nilipiga magoti kwenye tope nikamuuliza, Baba, kwa nini? Akasema, "Hakuna kitu." Kwako akaandika yote. Mimi nampikia, nampeleka kliniki, nagombana naye kila wiki nimfulie ile kofia yake ya kila siku, na maneno yake anakwenda kumpa chui! Nilikuwa na wivu na mtu nisiyemjua, na nilipojua ni wewe ukazidi mara mbili. Nilikuchukia, Veneranda. Nilikuchukia kama wiki mbili hivi, halafu nikachoka.

Na mimi nina nililokuficha. Sikukueleza hali ya Baba kwa sababu niliona aibu, niliona nimeshindwa kumtunza. Hakuwa na huzuni tu. Alikuwa amekata shauri kumfuata Mama. Aliniambia mahali pa kumzika na aliniambia nisihangaike na hospitali. Haya, nimelisema, na mkono haujakatika.

Kwa hiyo nimekaa nikawaza: ungezima simu ile Julai, leo ningekuwa na makaburi mawili. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wifi. Ningekuwa wewe ningefanya vile vile, ila mimi maadui wangenimaliza siku ya kwanza.

Lakini safari siwezi kuizuia. Ameshakata tiketi ya Jumamosi tarehe 7 Desemba. Nilimwambia labda Chui ana kazi zake. Akasema mtu aliyemletea askari mia mbili hawezi kukosa kumpokea. Ukikimbilia Kilolo, atajua ametupwa. Ukijitokeza, sijui. Baba ni mtu wa kale, aibu kwake ni ugonjwa. Akifunga mdomo safari hii, hakuna gemu litakaloufungua, na hiyo ndiyo hofu yangu usiku na mchana. Nimetafuta ushauri wa kukupa nimekosa. Ninachojua ni kimoja: usiende Kilolo. Kaa nyumbani kwako.

Naomba Mungu awe na wewe jikoni.

Esnath


Mlandege
10 Desemba 2024

Wifi yangu Esnath,

Ugonile, na ukae chini kabla hujaendelea. Mzee yuko salama, amepanda basi leo asubuhi, utakuwa umeshampokea barua hii ikifika. Watoto hawajambo, shule zimefungwa. Mvua huku ni ya kutosha. Kaka yako alikwama kwenye foleni Tunduma siku zote nne, kwa hiyo nilikuwa peke yangu na msalaba wangu.

Alifika saa saba mchana. Tadeo alimpokea stendi. Mimi nilikuwa jikoni, kitenge kichwani kama siku zote, mlango nimeurudisha. Nilimsikia akizitazama zile ramani ukutani, anazigonga kwa kidole: "Huu ndio mji wangu? Mbona mmeuchora mdogo?" Eveline akapeleka maji ya kunawa, akapeleka ugali, akapeleka njegere. Babu yake akamwambia, "Mwambie mama yako tumefika salama, na chakula ni kizuri. Na jogoo huyu msimguse, ni wa Chui." Halafu akauliza, "Sasa Tadeo, huyo Chui anakuja saa ngapi?"

Tadeo akaanza kukohoa. Alikohoa, wifi, hadi akaletewa maji.

Saa kumi ikafika. Saa ya vita. Nilishika simu nikaandika, "Mkongwe, karibu Iringa." Akajibu hapo hapo, "Uko wapi wewe? Nimekaa kwa mwanangu tangu saa saba, jogoo anapiga kelele." Nikaandika, "Nipo karibu." Akajibu, "Karibu wapi?"

Niliandika nikafuta. Nikaandika nikafuta. Eveline alikuwa amesimama begani kwangu anasoma kila kitu, nikamwona amekunja uso. Akasema, "Mama, si ulisema ukidanganya unapokonywa simu?"

Basi nikaandika, "Chui yuko jikoni," nikabonyeza, nikafumba macho.

Sebuleni nikasikia kiti kinasogea. Nikasikia mlango wa mbele unafunguliwa. Tadeo akaja mbio, uso umemshuka: "Mama, Babu ametoka. Hajasema kitu. Kachukua kofia."

Nilikaa juu ya ndoo ya unga. Wifi, nilitamani kumfuata stendi nimshike mguu, lakini mkwe anamfuataje baba mkwe wake barabarani, watu wanatazama? Nilijua nimekuulia baba. Nililia kwa sauti, kitenge kimeanguka, watoto wote wawili wamenishika, na Tadeo naye analia anasema ni kosa lake.

Ndipo tukasikia kikohozi nje, chini ya dirisha la jikoni. Kile kile ninachokijua.

Alikuwa amezunguka nyumba. Amekaa juu ya jiwe letu la kufulia, mgongo kwenye ukuta, uso ameupeleka kwenye migomba ya jirani. Dirisha letu liko juu, hanioni simwoni. Akaita, "Eveline!" Mtoto akapanda kwenye stuli akachungulia. Mzee akasema polepole, na najua alisema kwa sauti ile ili nisikie:

"Mwambie mama yako hivi. Kwetu mkwe haonekani na haitwi jina. Mimi sijamwona. Jina lake sijaliita, nimemwita Chui. Na yeye langu hajaliita, kaniita Mkongwe. Nimezunguka nyumba yote hii natafuta tumekosea wapi, sijapaona."

Eveline akanigeukia, "Mama, Babu anasema..." Nikamwambia nimesikia.

Kisha Mzee akasema, "Mwambie pia ukuta wangu wa kusini wanaubomoa sasa hivi, na yeye kakaa analia."

Tukapigana, wifi. Sijui kama nitaweza kukueleza. Mimi juu ya ndoo ya unga, yeye nje kwenye jiwe, ukuta wa matofali katikati yetu, Tadeo na Eveline wamekaa mlangoni na simu yao moja wanagombania zamu. Anaandika, "Leta mishale." Naandika, "Mishale huna, umeimalizia wapi, kwa mbu?" Namsikia nje anaguna. Wakavunja lango lake, akakimbiza ng'ombe wake wote hadi mjini kwangu bila kuomba ruhusa, na ng'ombe wakakanyaga mashamba ya Eveline, na Eveline akapiga kelele, "Babu, umemuua Mtakatifu Klara!"

Nikacheka. Nilijisahau kabisa, nilicheka kwa sauti yangu yote, ile ambayo Asukile husema inaamsha mtaa.

Nje nikamsikia anauliza, "Eveline, hiyo ndiyo sauti yake?" Mtoto akasema, "Ndiyo, Babu." Akasema, "Haya."

Amekaa siku tatu. Kila alasiri alikwenda kwenye lile jiwe, mwenyewe, na Jumapili Tadeo akamwekea mto. Hatujaonana uso na hatujaitana majina, na mimi sijawahi kukaa karibu na mtu hivyo. Jogoo ameniachia. Anatusumbua uani alfajiri yote lakini hakuna anayethubutu kumchinja.

Nimepona, wifi. Nimebeba jiwe miezi mitano, leo nimelitua. Sasa niambie wewe, amefikaje? Amekwambia? Amenyamaza?

Chui wenu,
Veneranda


Iyunga
6 Januari 2025

Wifi yangu, Vene wangu,

Kamwene, na heri ya mwaka mpya kwenu wote. Sisi wazima, mahindi yamefika magotini, na shule zinafunguliwa, kwa hiyo kila mzazi wa Iyunga amekumbuka leo kwamba mtoto wake hana sare.

Sikukujibu mapema kwa sababu nilikuwa nangoja. Baba alifika, akala, akalala. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu kimya, lakini anapiga mluzi, na wiki tatu zikaenda hivyo hivyo. Mimi najifanya sijui kitu, nashona. Nilikuwa nimesoma barua yako mara nne, lakini ya kwako ni yako. Nilitaka kusikia kwake.

Jumamosi iliyopita akaja akasimama mbele ya cherehani. Akasema, "Zima." Nikasema, "Baba, nina sare arobaini." Akasema, "Sare hazivamiwi. Kaa hapa." Akanikalisha barazani pembeni yake akaanza kusema, anatazama barabarani, hanitazami mimi. Alinieleza vyote, wifi. Habari ya Chui, habari ya jiwe la kufulia. Halafu akaenda nyuma zaidi. Alinieleza juu ya vile vidonge. Alisema siku ile nilipopiga magoti kwenye tope alitaka kunijibu, ila aliona akisema neno moja atalia, na hajawahi kulia mbele ya mtoto wake, hakujua inafanywaje. Kwa Chui alikuwa anaandika tu, hakuna anayemwona. "Nilikuwa najifunzia kule," akasema. "Sasa nimekuja kwako."

Nililia mimi, naye akalia, hadi kofia ikapata kazi ya kufuta machozi, na safari hii akaniruhusu niifue.

Halafu akanipa simu. Nikakataa, nikasema Baba mimi nina miaka arobaini na sita. Akasema, "Mimi nilianza na sabini na tatu, utanishinda nini? Kata mti kwanza." Nikakata mti. Nikajenga nyumba, akasema iko upande wa mafuriko. Nikaweka askari, wakafa wote kabla chai haijapoa. Alicheka, wifi! Anacheka ananipiga bega, anasema tangu azaliwe hajaona jemadari mbaya kama mimi, halafu ananishika kidole anakipeleka penye kubonyeza, kama alivyonishika mkono zamani akinifundisha kuandika jina langu.

Sare zimechelewa siku mbili. Wazazi wamenisema, nimewaacha waseme.

Basi nawaaga kwa ombi moja. Simu ni moja hapa na tunapokezana, kwa hiyo Jumamosi mkiona Mkongwe anajenga ukuta mbovu, msimtukane sana. Mjue si yeye, ni mimi, na yeye amekaa pembeni yangu ananifokea.

Wifi yako akupendaye,
Esnath